Je, Wajua? Mbuzi wa Turkana Hali Bua

Je, wajua kwamba mbuzi anayetafuna bua la mtama kando ya mto Turkwel hali bua lile? Mtazame. Analivuta kutoka kwenye ua wa shamba, analikata kwa meno ya chini na ufizi mgumu wa juu, kwa maana meno ya mbele ya juu hana, kisha analimeza haraka haraka kana kwamba kuna anayemfukuza. Jua likipanda anajilaza chini ya mgunga, ule Waturkana wanaouita ewoi, na kuanza kucheua. Bua linapanda, linasagwa, linashuka tena. Huko chini, katika tumbo la kwanza, linakabidhiwa kwa wenyewe: bakteria, kuvu na vijidudu vingine, mabilioni katika kila mililita ya maji ya tumbo. Hao ndio walaji wa bua. Mbuzi hula wanachobakiza, yaani asidi wanazotoa wakila, na mwishowe huwameng'enya wao wenyewe wanaposukumwa kwenye matumbo yanayofuata.

Ondoa vijidudu hivyo na mbuzi atakufa njaa kwenye ghala lililojaa mabua. Mwili wake hauwezi kutengeneza kitu cha kuyeyusha selulosi, zile nyuzi ngumu zinazolisimamisha bua. Wetu pia hauwezi. Kazi hiyo dunia imewaachia viumbe tusiowaona kwa macho, walioko tumboni mwa mbuzi na walioko kwenye udongo anaoukanyaga. Wanachokitumia kuifanya ndicho kinachouzwa leo kwa fedha nyingi viwandani.

Kitu hicho ni kimeng'enya. Neno ni zuri kwa sababu linajieleza lenyewe: kumeng'enya ni kuvunja kitu vipande vidogo vidogo, kama mama anavyommeng'enyea mtoto kipande cha samaki. Kimeng'enya ni aina ya protini inayokata au kuunganisha molekuli nyingine bila yenyewe kuisha. Kimoja hukata wanga tu, kingine protini tu, kingine mafuta, na kila kimoja kina mlango wake kama ufunguo. Weka kipande cha muhogo uliochemshwa mdomoni, utafune bila kumeza kwa dakika moja au mbili. Utahisi utamu. Hakuna aliyekutilia sukari: mate yako yana amilesi, na amilesi imekata wanga ikatoa sukari.

Cha kwanza kutengwa kilitengwa mwaka 1833 na Wafaransa wawili, Anselme Payen na Jean-François Persoz. Walikitoa kwenye nafaka iliyooteshwa, yaani kwenye kimea.

Na kimea wapishi wetu wanakijua zamani. Wanawake wa Turkana wamelima mtama kwa vizazi kwenye kingo za Turkwel na Kerio, wakingoja mafuriko yaloweshe ardhi. Kwa desturi bustani hizo ni zao, hata katika jamii ambayo wengi huidhania ni ya mifugo peke yake. Chukua mtama huo, uuloweke usiku mmoja, uufunike kwa gunia bichi siku mbili tatu mpaka uote. Uuanike, usugue mpaka vijimizizi na machipukizi yote yatoke, uyapepete yaondoke, kisha usage. Sasa pika uji mzito sana, ule ambao mwiko unasimama. Uepue, uache upoe kidogo usiwe unatokota, halafu koroga kijiko kimoja cha unga wa kimea. Usiondoke, maana hutangoja sana. Kwanza ukingo wa sufuria unaachia. Kisha uji mzima unalegea, na katika dakika chache unateremka kwenye kijiko kama maziwa mala. Maji hukuongeza hata tone.

Kilichotokea ni kwamba amilesi za kimea zimekata minyororo mirefu ya wanga iliyokuwa imefyonza maji na kuvimba. Chakula ni kile kile, ila kimekuwa chepesi. Kwa mtoto wa miezi minane hilo ni jambo kubwa. Tumbo lake ni dogo. Uji mzito hawezi kuumeza, na mama akiuongeza maji ili umezeke, mtoto anashiba maji. Katika miaka ya 1980 Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ilifanya kazi ya kuwafundisha akina mama matumizi ya kimea kwa sababu hiyo. Uji ukishalegea urudishe motoni uchemke tena. Na vile vijimizizi na machipukizi usivipuuze: mtama unaochipua una kemikali inayozaa sianidi. Mfugaji yeyote aliyewahi kupoteza ng'ombe kwenye mtama mchanga anaijua sumu hiyo, hata kama hajui jina lake.

Nimekaa kwenye sufuria hii kwa makusudi. Mtu akisikia "vimeng'enya vya viwandani" hufikiria mitambo ya chuma huko ng'ambo, kumbe kanuni yake iko jikoni. Mpishi wa Mombasa anayepaka papai bichi kwenye nyama ya mishkaki anatumia papaini, kimeng'enya cha utomvu wa papai kinachokata protini za nyama. Utomvu huo huo ulikaushwa na kusafirishwa kutoka Tanganyika enzi za ukoloni, na mashariki mwa Kongo, upande wa Beni, umekuwa zao la biashara kwa miaka mingi.

Lakini papai ni mti. Vijidudu ni vingi zaidi, hukua haraka zaidi, na hula vitu ambavyo mti hauwezi kuvila.

Je, wajua kwamba huenda jinzi iliyopauka unayoikuta kwenye rundo la mitumba sokoni Kakuma ilipaushwa na kijidudu cha Kenya? Zamani viwanda vilizipausha jinzi kwa kuziosha pamoja na mawe mepesi ya volkano. Mawe yalikwangua rangi ya buluu, lakini yaliharibu mashine na kuchana vitambaa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 viwanda vikaanza kutumia selulesi, kimeng'enya kinachomeng'enya selulosi. Pamba ni karibu selulosi tupu, kwa hiyo kimeng'enya kinakula juu juu ya uzi, rangi inang'oka, mawe yanabaki kwao. Sasa, maji ya kufulia yenye sabuni ni makali kama magadi, na vimeng'enya vingi hufa ndani yake. Wataalamu wakatafuta vijidudu vilivyozoea magadi, wakaja kwenye maziwa ya Bonde la Ufa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester walichukua sampuli huku mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kampuni ya Genencor ikapata humo selulesi zilizoingia kwenye biashara ya kupausha jinzi na ya sabuni za unga.

Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, KWS, lilisema hadharani kwamba vijidudu hivyo vilitoka kwenye maeneo linayoyasimamia na kwamba Kenya ilistahili fungu lake. Upande wa pili ulijibu kwamba utafiti ulikuwa na vibali vya serikali. Mabishano yale yaliwafungua watu macho. Miaka mitatu baadaye, 2007, KWS ilitia saini mkataba na kampuni ya Novozymes ya Denmark. Kampuni hiyo ilikuwa tayari inauza zailanesi, kimeng'enya cha kung'arisha karatasi kwa klorini kidogo, kilichotokana na kijidudu cha Kenya. Ilikubali kutoa sehemu ya mapato na kusaidia mafunzo.

Hapa nasema wazi ninachoamini: Mturkana anayesimama kando ya ziwa lake la magadi, au kwenye mchanga wa Tarach, laga (mto wa msimu) ya pale Kakuma, anasimama juu ya mali. Anastahili kulijua hilo kabla ya mgeni mwenye kijichupa.

Mgeni huyo, au mwanafunzi wa pale pale Lodwar, atamtambuaje mla-bua kati ya vijidudu mabilioni? Kuna njia rahisi, na ina historia ya ajabu. Unaloweka udongo kijiko kimoja kwenye maji safi, unayazimua mara nyingi, unamwaga tone kwenye kisahani chenye ute uliochanganywa na selulosi iliyoyeyushwa. Baada ya siku chache madoa ya vijidudu yanaota. Unamwagia rangi nyekundu, unaisuuza kwa maji ya chumvi. Rangi inang'ang'ania selulosi, kwa hiyo kisahani chote kinabaki chekundu, isipokuwa kuzunguka madoa fulani: hapo kuna duara jeupe, kama mwezi uliozungukwa na ukungu. Duara hilo ni mahali ambapo selulosi imeliwa. Duara likiwa pana, mlaji ni hodari. Njia hii ilichapishwa mwaka 1982, na vijidudu vya kwanza kupimwa kwayo vilitoka tumboni mwa ng'ombe.

Na rangi hiyo inaitwaje? Nyekundu ya Kongo. Ilitengenezwa Ujerumani na kuingizwa sokoni mwaka 1885, siku zile wakubwa wa Ulaya walipokuwa wakikutana Berlin kuigawana Afrika. Neno Kongo lilikuwa midomoni mwa kila mtu, wauza rangi wakaona litavuta wateja. Haina tone la kitu chochote cha Kongo.

Ukitoka Lodwar kwenda Kakuma, safari ya kilomita 120 hivi, utaona vichuguu vilivyosimama kama mabomba ya moshi, vingine virefu kumpita mtu mara mbili, vyekundu katikati ya tambarare isiyo na mti wa maana. Je, wajua kwamba chini yake kuna mashamba? Mchwa wa aina hiyo hulima kuvu. Huenda nje usiku, hukata majani makavu, vijiti na vipande vya mabua, hupitisha haraka tumboni na kujenga kwa mavi yao matuta mepesi yenye vishimo kama sega la nyuki. Juu ya tuta hilo kuvu huota, hutoa vimeng'enya, huyeyusha hata lignini, ile gundi ngumu ya miti inayowashinda wengi. Mchwa hula tuta lililokwisha kulainishwa. Bomba lile la udongo ni la hewa na joto, kwa sababu kuvu ikifanya kazi hutoa joto kama rundo la samadi, na ikipata joto kupita kiasi hufa.

Ukulima huo ulianza Afrika takriban miaka milioni 30 iliyopita. Tunalo hata shamba lililogeuka jiwe: katika bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania, wanajiolojia walichimbua vichuguu vya miaka milioni 25 vikiwa na matuta ya kuvu ndani yake, na wakavieleza katika chapisho la mwaka 2016. Profesa Hamadi Boga wa Kenya, aliyewahi kuwa Katibu Mkuu katika Wizara ya Kilimo, alijipatia shahada yake ya uzamivu kwa kuchunguza bakteria wa matumbo ya mchwa. Wasomi wetu hawajakipita kichuguu bila kukiangalia.

Basi binadamu alipoanza kulisha kuvu mabaki ya mazao ili apate vimeng'enya, alichelewa takriban miaka milioni 30. Aliyelianzisha jambo hilo kibiashara ni Mjapani, Jokichi Takamine. Wajapani kwa karne nyingi wameotesha kuvu ya koji juu ya wali ili kupata pombe, na juu ya soya na ngano ili kupata mchuzi wa soya. Takamine alihamia Marekani, akaona mlima wa pumba za ngano ambazo vinu vilizihesabu kuwa kitu duni, akaotesha koji juu yake. Mwaka 1894 alipata hataza, na dawa yake ya tumbo, amilesi kavu iliyotoka kwenye pumba, ikauzwa madukani. Baadaye alitajirika zaidi kwa adrenalini, lakini mimi humkumbuka kwa pumba.

Kuvu ya pili iligunduliwa kwa hasara. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi la Marekani visiwani Solomon liliona mahema yake ya turubai yakioza na kuchanika. Kuvu zilikusanywa na kupelekwa maabara. Mojawapo ilikuwa na selulesi za ajabu kwa wingi wake, na baadaye ikapewa jina la Elwyn Reese, mwanasayansi aliyeichunguza: Trichoderma reesei. Aina zote za kuvu hiyo zinazotumika viwandani leo ni uzao wa kipande kimoja cha turubai. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilianza mwaka 1992 kwa mahema ya vijana waliokimbia vita vya Sudan, na leo, pamoja na makazi ya Kalobeyei, ina watu zaidi ya 200,000. Ni mji unaojua turubai ikioza huwaje.

Kazi yenyewe hufanyikaje? Mabaki ya mazao, tuseme magunzi ya mahindi ya Katilu au pumba za mtama, husagwa yawe kama chenga. Hulowanishwa yawe na unyevu wa kushikana mkononi bila kuchuruzika. Ukiyafinya na maji yakatiririka, umekosea, kuvu itakosa hewa na bakteria wa kuozesha watachukua shamba. Huchemshwa kwa mvuke ili wakazi wote wa zamani wafe. Yakipoa hunyunyiziwa mbegu za kuvu na kutandazwa kwenye sinia, unene wa vidole viwili vitatu, mahali penye joto la nyuzi 30 hivi. Siku ya pili yanapata ukungu mweupe kama sufi na harufu tamu ya uyoga. Ukiweka mkono juu ya sinia utahisi joto likipanda. Hapo lazima yageuzwe na kupepewa, kama mchwa wanavyofanya kwa bomba lao. Kati ya siku ya nne na ya saba hivi yanaoshwa kwa maji, maji yanachujwa, na vimeng'enya vimo ndani ya maji hayo ya rangi ya chai nyepesi. Kutoka hapo ni kuvikoleza, kuvikausha na kuviweka pakavu, maana vikilowa kwenye joto huharibika.

Nyuzi 30. Ulaya watu hulipia umeme kupata joto hilo. Lodwar ndilo joto la kawaida la mchana na usiku likichanganywa. Tatizo la Lodwar ni kupoza, na ni maji, kwa mji unaopata mvua ya milimita 200 hivi kwa mwaka mzima. Kwa hiyo njia hii ya sinia, ambayo hutumia maji machache kuliko mapipa makubwa ya uji uji, ndiyo inayoelekea kufaa nchi kavu.

Je, wajua kwamba kuvu ikishiba huacha kazi? Hili ndilo jambo lililonivutia kuliko yote. Ukiipa kuvu sukari iliyo tayari, haitoi selulesi. Kwa nini ijisumbue? Chembe zake zinaihisi sukari na kuzima kiwanda. Inapokutana na bua gumu lisiloingia mdomoni ndipo inapoanza kumwaga vimeng'enya nje ya mwili wake, iyeyushe chakula huko nje kisha ikinywe. Gunzi, ambalo jikoni ni la kuwashia moto tu, lina zailani nyingi, kitu kingine kinachoimarisha mmea kama selulosi, na kwa sababu hiyo huiamsha kuvu itoe zailanesi. Zailanesi hutumika kulainisha donge la mkate, kuwawezesha kuku kumeng'enya chakula chao, na kung'arisha karatasi. Ugumu wa taka ndio unaozaa bidhaa. Molasi tamu ya miwa ina kazi nyingine: kule Muhoroni hulishwa hamira, na mkate unaoliwa Lodwar huenda uliumuliwa nayo.

Tanzania wamelichimba jambo hili kupitia mkonge. Katika jani la mkonge uzi unaouzwa ni sehemu ndogo sana, na karibu uzito wote uliobaki kwa miongo mingi ulitupwa ukaoza mitoni. Profesa Amelia Kivaisi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzake, akiwemo Anthony Mshandete, waliotesha uyoga juu ya taka hizo, na wakatumia kuvu kuzilainisha ili zitoe gesi zaidi. Kabla ya hapo Kivaisi alifanya kazi na Waholanzi kwenye tumbo bandia la mcheuaji, chombo cha maabara kilicholishwa mabua ya shayiri na vijidudu vya tumboni. Mbuzi wetu wa Turkwel, kwa maneno mengine, ana mwenzake wa kioo.

Lakini Turkana si Tanga ya mkonge, na hapa nataka kuwa mwangalifu. Neno "taka" likitamkwa mbele ya mfugaji linaleta ubishi. Bua la mtama Turkana si taka. Ni chakula cha mbuzi wakati wa kiangazi, na mbuzi ni maziwa ya mtoto. Kiwanda kitakachomnyang'anya mbuzi bua lake hakifai kule, hata kikiwa na jina zuri namna gani. Tunda la mkoma nalo, mti ambao Waturkana huuita eengol, watu hulitafuna. Majani yake ndiyo vikapu wanavyouza wanawake wa Lodwar. Kila kitu kina mwenyewe.

Kinachobaki kisicho na wa kukililia ni mathenge. Mti huu wa miiba kutoka Amerika uliletwa Kenya katika miaka ya 1970, ukapandwa nchi kavu katika miaka iliyofuata kuzuia jangwa, na ukageuka mtawala. Turkana wanauita etirae. Umefunga kingo za Turkwel na Tarach, umeziba njia za mifugo, na mwaka 2008 serikali iliutangaza kuwa gugu hatari. Maganda yake ni matamu mno. Kule Baringo, katikati ya miaka ya 2000, wananchi walioishtaki serikali walimpeleka mahakamani mbuzi asiye na meno, ushahidi wa kile utamu ule ulichomfanyia. Kakuma wanauchoma makaa, na makaa hayo yamepunguza ugomvi wa kuni kidogo. Lakini matawi membamba, maganda yaliyooza na vumbi la mbao hubaki. Huko ndiko ningewatuma wenye kisahani chekundu kwanza: wachote udongo chini ya shina la mathenge lililoanguka miaka miwili iliyopita, pale mti umekuwa laini kama mkate wa jana, kwa sababu aliyeulainisha bado yumo.

Anayechota siku hizi anabanwa na sheria kuliko zamani. Kanuni za Kenya za mwaka 2006 zinadai kibali kabla ya kuchukua rasilimali za kijenetiki, pamoja na idhini ya wenyeji na makubaliano ya kugawana faida. Katiba ya 2010, kifungu cha 69, inaiagiza serikali ilinde rasilimali hizo pamoja na maarifa ya jamii kuzihusu. Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kufanya kazi Oktoba 2014, inazidai nchi nyingine ziheshimu masharti hayo. Chuo Kikuu kishiriki cha Turkana kipo Lodwar. Kijana wa Kakuma au wa Katilu akijifunza kuandika siku aliyochota, mahali, kina cha shimo na jina la aliyempa ruhusa, daftari lake lina uzito kuliko hotuba nyingi.

Na moja la mwisho. Mvua ya kwanza ikipiga Lodwar baada ya miezi ya vumbi, inapanda harufu ambayo kila mtu anaijua, na mbuzi wanainua pua. Je, wajua ni ya nini? Sehemu kubwa ni ya kemikali iitwayo jiosimini, na watengenezaji wake ni bakteria wa udongo wa jamii ya Streptomyces. Pua ya binadamu huisikia hata ikiwa chembe chache tu katika trilioni ya chembe za hewa. Bakteria hao ni walaji wakubwa wa mabaki ya mimea; selulesi na zailanesi nyingi zinazochunguzwa maabara ni zao, na dawa kama streptomaisini pia. Kwa nini watoe harufu? Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba vidudu vidogo vya udongo vinavyorukaruka huifuata, huwala bakteria hao, na huzibeba mbegu zao mpaka mahali pengine. Kiangazi kikirudi, bakteria hujikausha wakabaki mbegu, wakilala kwenye mchanga wa laga mpaka tone jingine lianguke.